Kofia Iliyonyamaziwa

Hapo zamani, si zile za sungura kusema na fisi kuoa, bali zamani za baadaye kidogo, watu walipokwisha kuzoea kujaza fomu, palikuwa na mji uitwao Kinyangiko. Mji huo ulikuwa na pande mbili, Mlimani na Bondeni, na watu wa pande hizo walikuwa watani. Utani wao haukuwa wa kuchekeana tu. Ulikuwa na sheria zake, tena kali kuliko za serikali, kwa sababu hazikuandikwa popote na kwa hiyo hakuna aliyeweza kudai kwamba hajazisoma.

Sheria kubwa kuliko zote ilikuwa ya msibani. Akifa mtu wa Bondeni, mtani wa Mlimani huja mazikoni, na katikati ya kilio huchukua kitu cha wafiwa: kinu, fimbo, kiatu cha mguu mmoja. Hukichukua mchana kweupe, na wote wanaoona hujifanya hawaoni. Mwenyewe akiuliza, "Kitu changu kiko wapi?", ndipo mtani husimama, akajitaja, akaeleza kwa haki gani amekichukua. Maneno yakiwa matamu, wafiwa hucheka huku machozi hayajakauka, wakakikomboa kwa sinia la wali. Na kitu kikikaa bila kukombolewa mpaka mjane atoke eda, hapewi tena mwenyewe. Hupewa mtu aliyekistahili, na mtu huyo huwa msemaji wa kwanza katika kila msiba wa mji. Neno lake la kwanza sharti liwe kusimulia kitu kile kilivyochukuliwa.

Mtani mkuu wa Mlimani alikuwa Bi Sikuzani. Kwa miaka ishirini alikuwa amechukua Bondeni kila kinachobebeka, na safari moja kisichobebeka: mlango wa nyumba, pamoja na kitasa chake. Ulimi wa Bi Sikuzani haukuwahi kulala njaa. Mumewe alikuwa akisema kwamba alimposa kwa maneno matatu, akajibiwa kwa mia nne, na mpaka sasa hajui kama alikubaliwa.

Basi akafa Mzee Mloka wa Bondeni, fundi cherehani, mtu mpole aliyewashonea watu wote na hakumpima mtu vibaya. Mji mzima ukafika mazikoni. Akafika na Mkuu wa Wilaya.

Mkuu huyo alikuwa mgeni, ana miezi mitatu tu tangu aletwe, na Mzee Mloka hakuwahi kumwona akiwa hai. Lakini mkuu wa wilaya hawezi kwenda msibani akakaa kimya kama watu wengine. Akasimama. Akavua kofia yake, kofia ya khaki yenye utepe mwekundu na nembo ya shaba, akaiweka mkekani kwa heshima. Kisha akahutubia.

"Mzee Mloka," alisema, "hakuwa rafiki yangu. Alikuwa zaidi. Alikuwa baba yangu! Narudia, ndugu wananchi: leo nimefiwa na baba. Mimi ni mtoto wa nyumba hii!"

Watu wakaitikia kwa vichwa. Hawakushangaa. Katika miezi ile mitatu Mkuu alikuwa amekwisha kufiwa na baba kumi na mmoja.

Lakini Bi Sikuzani, aliyekuwa akipita na sinia la kahawa, alisimama kidogo. Mtoto wa nyumba hii? Basi ni mfiwa. Mfiwa wa Bondeni? Basi ni mtani wangu. Mtani wangu? Basi chake ni changu. Akaendelea kupita na sinia lake, na alipokwisha kupita, mkekani hapakuwa na kofia.

Akaingia nayo chumba cha wanawake, alikokaa mjane, Bi Mwamvita, juu ya mkeka wake wa eda. Bi Mwamvita akamtazama, akaitazama kofia, akainua mto aliokalia. Kofia ikaingia. Mto ukashuka. Bi Mwamvita akaketi, akaendelea kulia alipoishia.

Wanaume walipokwenda makaburini mpaka waliporudi, Bi Sikuzani alikuwa akiyapanga maneno yake. Akayapindua, akayapunguza, akayaonja. Hata yakawa hivi: "Kofia ninayo, mtani. Umesema marehemu ni baba yako, nami nimekuamini. Kama si baba yako, sema sasa hivi mbele ya wafiwa, nikurudishie."

Aliyarudia moyoni mara tatu, akajua kwamba katika miaka ishirini hajapata kusema neno kama hilo, na hatapata tena. Likaketi nyuma ya meno yake, linasubiri mlango.

Wakarudi. Mkuu akajipapasa kichwani. Watu wote wakatulia, midomo imekwisha kujiandaa kucheka. Wakangoja aulize kofia yangu iko wapi. Hakuuliza hivyo.

"Nani," alisema Mkuu, "ameiba kofia ya serikali?"

Neno hilo, kuiba, halikuwa limepata kutamkwa msibani Kinyangiko. Bi Sikuzani alikuwa amekwisha kuinuka nusu.

"Ile ni mali ya umma," Mkuu akaendelea, "na ina nembo! Kuiba kitu chenye nembo ni miezi sita jela, hakuna faini, hakuna kuombana radhi!"

Miezi sita. Bintiye Bi Sikuzani, Mwanahija, alikuwa na mimba ya miezi minane. Mimba ya kwanza iliharibika mama yake akiwa safarini, na hii ya pili binti alikuwa ameapa kwamba hatajifungua mpaka amshike mama yake mkono. Alikuwa amekaa pale pale, mgongo ukutani, amemkazia mama yake macho.

Bi Sikuzani akajifanya anafunga upya khanga. Akaketi. Lile neno akalimeza, likashuka nusu na nusu likabaki kooni.

*

Sasa, wiki moja kabla ya msiba, ulikuwa umefika kutoka makao makuu waraka mpya. Ulisema kwamba kila mtu anayehojiwa na polisi aambiwe kwanza kuwa ana haki ya kunyamaza, na kwamba kunyamaza kwake kusihesabiwe kuwa ni kukiri. Mkuu mwenyewe aliupigilia misumari kwenye mlango wa kituo, akawakusanya wananchi uwanjani, akawahutubia juu ya kunyamaza kwa saa mbili na nusu.

"Haki hii ni yenu!" aliwaambia. "Itumieni!"

Wananchi walipiga makofi na kurudi makwao wakiulizana itatumikaje. Kinyangiko hakikuwahi kuwa na mtu aliyeulizwa jambo akanyamaza. Hata waliolala walijibu.

Kazi ya kuhoji akapewa Koplo Lwitiko. Koplo alikuwa mtu wa mbali, wa milima ya baridi, hana ukoo mjini wala mtani. Kwenye misiba alisimama mlangoni na bunduki, na hakuna aliyemchukulia hata kifungo cha shati. Siku ile pia alisimama hatua mbili nyuma ya Mkuu, macho mbele, kama taratibu zinavyotaka. Na mbele ya macho hayo ndipo kofia ilipokuwa.

Asubuhi yake akaanza kuita watu. Pamoja na waraka ilikuja fomu, Tamko la Kunyamaza, nakala tatu, yenye mstari wa mwisho ulioandikwa: Mnyamazaji aeleze kwa kirefu sababu za kunyamaza. Koplo aliutafakari mstari huo kwa muda. Kisha akaamua kuuacha wazi, na huo, kwa mtu wa serikali, ulikuwa ni ushujaa.

Akaingia mwashi. Koplo akasoma: "Una haki ya kunyamaza. Kunyamaza kwako si kosa. Umeelewa?" Mwashi akanyamaza. Koplo akaandika: amenyamaza.

Akaingia muuza mkaa. "Una haki ya kunyamaza. Kunyamaza kwako si kosa. Umeelewa?" Muuza mkaa akanyamaza. Koplo akaandika: amenyamaza.

Akaingia imamu aliyemzika marehemu. "Una haki ya kunyamaza. Kunyamaza kwako si kosa. Umeelewa?" Imamu akamwombea dua Koplo, kisha akanyamaza. Koplo akaandika: amenyamaza, baada ya dua.

Watu walinyamaza kwa raha, kama waliogawiwa kitu kipya na kila mtu anataka kukijaribu. Nje ya kituo foleni ilipiga kelele kama soko. Ndani kukawa kimya kama msikiti saa nne ya asubuhi.

Kisha akaingia Mzee Ngayonga, mdogo wake marehemu, ambaye sasa ndiye mwenye nyumba ya msiba.

"Una haki ya kunyamaza," Koplo akasoma. "Kunyamaza kwako si..."

"Kunyamaza nitanyamaza nikifa, Afande," akasema Mzee Ngayonga, akavuta kiti. "Andika. Babu yangu alifika hapa kwa miguu. Umeandika? Kwa miguu. Alikuwa na mbwa."

"Mzee, mimi naulizia kofia."

"Kofia inakuja. Mbwa kwanza."

Alisema siku nzima, na siku ya pili mpaka adhuhuri. Maelezo yake yakafika kurasa sitini na tatu, karatasi za kituo zikaisha, Koplo akaenda kuazima nyingine shule. Na ndani ya kurasa hizo Mzee Ngayonga aliitaja kofia mara kumi na moja, na kila mara akamtaja mtu mwingine aliyeichukua. Alimtaja imamu. Alimtaja marehemu. Alimtaja mama yake mwenyewe, aliyefariki mwaka wa nzige. Alimtaja Mkuu wa Wilaya. Wa saba, katika ukurasa wa arobaini na mbili, alimtaja Bi Sikuzani, akaeleza sawasawa alivyopita na sinia. Wa nane akamtaja mbwa wa babu yake.

Mkuu alisoma mpaka ukurasa wa tisa, akaomba dawa ya kichwa.

Akabaki mjane. Kwa desturi za Kinyangiko mjane wa eda haongei na mwanamume asiye wa nyumbani kwake, wala mwanamume huyo haingii chumbani mwake. Mkuu akamtuma karani wake wa kike. Bi Mwamvita akampokea vizuri. Wakaongea juu ya mvua. Wakaongea juu ya goti la Bi Mwamvita. Karani akamsomea haki yake, akamuuliza juu ya kofia. Bi Mwamvita akaanza kuvuta tasbihi.

"Mama," karani akasema kwa upole, "Mheshimiwa amesema hivi. Ukimtaja mtu, neno moja tu, bomba la maji litaletwa mpaka mlangoni pako. Wiki hii hii. Mabomba yapo tayari."

Kisima cha Bondeni kilikuwa chini kabisa, mwendo wa vilima viwili, na goti la Bi Mwamvita tumekwisha kulisikia. Na Sikuzani kwake ni nani? Ndiye yule yule aliyemchukulia mlango mwaka aliofiwa na mama yake.

Bi Mwamvita akavuta punje moja ya tasbihi. Akavuta ya pili. Hakuinuka wala hakujisogeza pale juu ya mto wake. Karani akaaga, na bomba likaenda kuwekwa mlangoni pa mtu mwingine, aliyekuwa nalo tayari moja.

*

Bi Sikuzani aliitwa wa mwisho, na Mkuu akataka kuwapo mwenyewe. Alikuwa amekwisha kusikia sifa zake.

"Una haki ya kunyamaza," Koplo Lwitiko akasoma, macho kwenye karatasi. "Kunyamaza kwako si kosa. Umeelewa?"

Bi Sikuzani akanyamaza.

"Huyu ndiye?" Mkuu akauliza. "Huyu ndiye mwenye ulimi unaotisha wilaya? Mbona naona mama tu, amekaa kama gunia? Au ulimi umeliwa na panya?"

Majibu matano yalifika mdomoni mwa Bi Sikuzani kwa pamoja, yakisukumana. Akayarudisha moja moja.

"Naambiwa hata mlango uliwahi kuiba. Hongera. Huko jela milango ipo mingi."

Bi Sikuzani akatazama ukutani. Ukutani palikuwa na tangazo la chanjo ya kuku. Akalisoma. Akalisoma tena kutoka chini kwenda juu.

Mkuu akainama mpaka pua yake ikakaribia ya kwake. "Mnajua maana ya uchungu nyinyi? Yule marehemu alikuwa baba yangu. Baba yangu! Na siku ninayomzika baba yangu mnaniibia! Sema basi! Mtu anaweza kuwa na nini cha kusema hapo?"

Jamani. Mtu hakufungulii mlango tu, anautoa kabisa na kukuonyesha njia. Neno lile lililokuwa kooni likapanda lote, zima, likagusa meno. Bi Sikuzani akauma ncha ya khanga. Machozi yakamtoka. Mkuu akadhani ni ya hofu, akatabasamu. Koplo Lwitiko akadhani anajua ni ya nini, akainamia fomu.

Bi Sikuzani aliliwaza tumbo la Mwanahija. Aliwaza mkono wa Mwanahija ukitafuta mkono wa kushika, ukakuta ukingo wa kitanda. Akaendelea kuuma khanga mpaka Mkuu alipochoka, akatoka, akaubamiza mlango wenye waraka.

Koplo akaandika: amenyamaza.

Njiani kurudi nyumbani Bi Sikuzani alipokelewa na watani zake wa Bondeni, waliokaa barazani wakimngoja.

"Poleni watu wa Mlimani! Tumesikia mmefiwa!"

"Na nani?" akauliza mwenzao.

"Na ulimi wa Sikuzani! Mazishi saa ngapi?"

"Tutakuja tuchukue meno, maana sasa hayana kazi!"

Alipita katikati yao. Akiwajibu hapo atalisema, na akilisema barazani, jioni litakuwa mezani kwa Mkuu. Kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini mtani mkuu wa Mlimani alitaniwa hakujibu. Akaingia ndani, akakaa jikoni, akalia kama mtu aliyefiwa kweli.

*

Faili likapelekwa mkoani. Mkuu alikuwa na uhakika kwamba huko hakuna anayesoma, maana yeye aliwahi kufanya kazi huko. Kwa bahati mbaya alikuwapo mkaguzi mmoja aliyesoma mafaili, tena yote, hata majalada yake. Mkaguzi huyo akasoma kurasa sitini na tatu za Mzee Ngayonga, akaandika pembeni: Shahidi huyu ashukuriwe na apumzishwe. Akahesabu fomu za kunyamaza, akaona kuwa kwa mujibu wa waraka watu wote hawa hawana kosa, akafunga faili. Kisha akaandika barua mbili. Ya kwanza ilimhamishia Mkuu katika wilaya nyingine, ambako, tunaambiwa, tayari amefiwa na baba wanne. Ya pili ilimvua Koplo Lwitiko vyeo vyake, akawa konstebo. Kwa nini, barua haikusema, naye hakusema.

Mwanahija akajifungua mtoto wa kike, salama, ameshika mkono wa mama yake kwa nguvu hata alama zikabaki siku tatu.

Miezi minne na siku kumi ikatimia. Bi Mwamvita akaoga, akavaa, akatoka eda. Mji ukakusanyika nyumbani kwa Mzee Ngayonga kula wali na kuimaliza shughuli. Bi Mwamvita akaingia chumbani, akainua mto, akarudi na sinia. Juu ya sinia palikuwa na kofia. Ilikuwa bapa kama chapati, nembo imeingia ndani, lakini ilikuwa kofia ya serikali bila shaka yoyote.

Mji ukacheka kicheko kilichokaa miezi minne. Kilipokwisha, Mzee Ngayonga akasimama.

"Kitu hakikukombolewa," akasema. "Desturi mnaijua. Apewe anayestahili. Awe msemaji wetu misibani, na leo hii hapa atusimulie ilivyochukuliwa. Faili limefungwa, hana wa kumwogopa. Haya, nani?"

"Yangu hiyo!" Bi Sikuzani akawa amekwisha kufika kwenye sinia, mjukuu mgongoni. "Nani mwingine? Mimi ndiye niliyechukua. Mimi ndiye niliyetukanwa puani. Nyote mlificha nilichofanya. Mimi nimeficha nilichotaka kusema! Mnajua nilikuwa na neno gani? Mnajua lina miezi mingapi humu ndani? Mtoto huyu katoka, lenyewe bado!"

Watu wakacheka. Bi Mwamvita hakucheka.

"Mwenzangu," akasema, "wewe ulinyamaza usifungwe. Hilo hata mimi ningefanya, na ni sawa, una mtoto. Lakini mimi nilikuwa naogopa nini? Kwani nikisema nafungwa mimi? Ningesema, leo ningekinga maji mlangoni. Nimenyamaza, na kuanzia kesho nateremka kisimani na goti hili. Kwa ajili ya mtu aliyenichukulia mlango! Tena kofia imekaa chini yangu siku mia moja na thelathini. Kama si mimi, mngegombania nini hapa?"

"Lakini Mama," mtu akasema kutoka nyuma, "wewe ulikuwa edani. Kunyamaza ilikuwa desturi yako hata hivyo."

"Kwa wanaume! Karani alikuwa mwanamke. Nimeongea naye mvua yote ya mwaka huu, muulizeni."

"Samahani," ikasema sauti ya mlangoni.

Wote wakageuka. Ni konstebo Lwitiko, hana bunduki, amevaa shati la nyumbani. Palipokuwa na vyeo kwenye sare yake, watu walikuwa wameona wiki hizi alama mbili zisizopauka.

"Mimi nilikuwa nyuma ya Mkuu," akasema. "Niliona mkono. Niliona sinia. Niliona kofia ikiingia chini ya sinia. Nyinyi nyote mlikuwa na haki ya kunyamaza, nimewasomea mwenyewe. Mimi sikuwa nayo. Mimi nimeapa kusema ninachokiona. Sasa ule usiku... hapana, ilikuwa jioni, nilipomaliza kuwahoji, nikaona nimebaki mimi. Nikafunga mlango. Nikajisomea. Una haki ya kunyamaza, kunyamaza kwako si kosa, umeelewa? Nikanyamaza. Nikajaza fomu. Jina la anayehojiwa, Lwitiko. Jina la anayehoji, Lwitiko. Amenyamaza. Nikaitia kwenye faili pamoja na zenu. Mkaguzi ameikuta."

Hata wali ulisahauliwa.

"Ndiyo maana ya barua," akasema. "Nyinyi mmetumia haki yenu, hamkupungukiwa kitu kisheria. Mimi nimetumia haki isiyokuwa yangu, nikapungua. Na nyinyi mna watani. Mimi mji huu sina. Nikiivaa hiyo kofia, nitakuwa nao."

Bi Sikuzani akajikuta ametazama miguu ya yule kijana. Alikumbuka macho yake yalivyoinamia fomu. Lakini pia alikumbuka kwamba atakayeivaa ndiye atakayesimulia, na atakayesimulia atafika pale Mkuu alipojitangaza kuwa mtoto wa nyumba, na akifika pale, neno liko wazi kwa yeyote mwenye mdomo. Ataliokota mwingine. Atalisema vibaya.

"Afande," akasema Mzee Ngayonga, "pole sana. Lakini nani alikuuliza? Kunyamaza bila kuulizwa, hata kinu changu kinaweza."

"Nilijiuliza mwenyewe."

"Na Mkuu angekuuliza?"

Konstebo akafungua mdomo. Akaufunga. Akanyamaza, na hakuna aliyejua kama lile lilikuwa jibu.

"Basi," akasema Mzee Ngayonga, akikohoa kama mtu anayeanza safari ndefu, "kwa kuwa mimi ndiye mwenye nyumba, sipendi kujitaja. Lakini nitajitaja. Nyote mlinyamaza. Kunyamaza ni kazi rahisi, unakaa tu. Mimi ndiye niliyesema! Na niliposema kweli, niliizungushia uongo kumi, isionekane. Kama tungenyamaza wote, Mkuu angejua tunaficha kitu. Nilipomaliza mimi, hakutaka tena kujua chochote."

"Ulinitaja!" Bi Sikuzani akapiga kelele. "Ukurasa wa arobaini na mbili! Mtani gani wewe? Na kama wangeuchagua huo?"

"Na nisingekutaja, mke wangu mtani? Niwataje watu tisa na mbwa, nimruke mchukuaji mkuu wa mji huu? Huyo aliyerukwa si ndiye angetafutwa kwanza?"

Bi Sikuzani akalivuta sinia la kofia upande wake.

Hapo wakaanza wote. Wa Mlimani wakasema ni ya Sikuzani, maana bila mkono wake hapana kofia. Wa Bondeni wakasema ni ya Mwamvita, maana yeye tu ndiye aliyenunuliwa akakataa kuuzwa. Vijana wakasema ni ya Lwitiko, maana yeye tu ndiye aliyeadhibiwa. Wazee wanaopenda maneno wakasema ni ya Ngayonga. Na kando, kuzunguka masinia, walikuwapo wengine mia mbili na nane, mwashi, muuza mkaa na imamu miongoni mwao, walioulizwa wakanyamaza, na ambao hata sasa walikuwa wakila wali bila kudai chochote.

Wali ukapoa, mabishano hayakupoa. Saa hizi bado wanabishana. Kofia iko juu ya sinia, bapa, nembo imeingia ndani. Atakayeivaa atapata haki ya kusema kabla ya watu wote, na ataipata kwa sababu alijua kunyamaza kuliko watu wote. Bi Sikuzani amesimama karibu nayo, mjukuu amelala mgongoni, neno liko nyuma ya meno.

Mimi nimemaliza langu, na mnaonisikiliza hamkuja na waraka. Hapa hamna haki ya kunyamaza. Kofia ni moja. Je, nani alistahili kuivaa?